Noti Iliyotemewa Mate

Jua lilikuwa limeshazama nyuma ya milima ya Mau, na Bashir alikuwa bado yuko sokoni.

Haikuwa desturi yake. Lakini mteja mmoja alikuwa ameahidi kuja kuchukua gramafoni, na Bashir alikuwa amempa neno lake kwamba atamsubiri. Basi akasubiri. Mteja hakuja. Upepo wa ziwani ulikuwa ukisukuma vumbi la magadi mpaka katikati ya mji, likakaa kwenye kope na kwenye meno, na Bashir akawa anamtukana yule mteja chini kwa chini, yeye na ukoo wake.

Alikuwa muuza vitu vikuukuu. Vitanda vya chuma, pasi za makaa, sufuria zilizozibwa matundu, makoti ya masetla waliorudi kwao Ulaya. Alivinunua minadani, huko Njoro na Subukia, akavipanga juu ya turubai kando ya soko la Nakuru. Kitu kikiwa na ufa, alikuonyesha ufa kabla hujauliza. “Hapa pamevunjika,” angekuambia. “Hutaki? Barabara ile pale.”

Hakuwa mpole. Lakini hakuna aliyewahi kudai kwamba Bashir amemwibia.

Na hakuna aliyewahi kumpa noti ya bandia ikapita.

Miaka ile noti zilikuwa zimechanganyika. Za mfalme aliyekufa zilikuwa bado mikononi mwa watu, na za malkia zilikuwa zimeanza kuingia. Walaghai wakapata mwanya hapo hapo, maana nani alikuwa na hakika noti halali inafanana vipi? Watu waliuza ng'ombe wakarudi nyumbani na karatasi. Bashir hakusoma shule yoyote, lakini noti alizisoma. Aliipapasa kwanza, kwa kuwa noti ya kweli ina ukwaruzo pale wino ulipokaa. Akaikung'uta karibu na sikio, maana karatasi ya serikali hulia na ya walaghai hunyamaza. Akaiinua kwenye mwanga, amtafute kifaru aliyefichwa ndani yake. Na kama bado roho yake haijatulia, alilamba kidole gumba, akasugua ukingo wa noti kwa mate.

Wino wa uongo haustahimili mate.

Wenye maduka, wachinjaji, wauza mahindi, wote walimletea noti zao azilambie kidole. Naye alizilambia, bila malipo, huku akiwafokea kwa ujinga wao.

“Baba Khadijo, funga bwana!” Mugure aliyeuza makaa pembeni yake alikuwa ameshajitwika gunia tupu kichwani. “Kafyu haina rafiki. Mimi Mkikuyu wakinikuta nje leo, nitalala kwa polisi.”

“Nenda basi! Nimekushika mguu?”

“Mdomo huo,” Mugure akasema, “siku moja utakuuza.”

Akacheka. Kisha akaacha kucheka.

Kwa sababu mwanamke alikuwa amesimama mbele ya turubai.

Hawakumwona akija. Alivaa koti refu la kiume, la mvua, lililokaa mabegani mwake kama limetundikwa msumarini. Miguu haikuwa na viatu. Alitoa harufu... Bashir aliitafutia jina asilipate. Kama jivu lililomwagiwa maji. Midomo yake ilikuwa imepasukapasuka, nyeupe, mfano wa ufuo wa ziwa wakati wa kiangazi.

“Hiyo,” akasema.

Sauti ilikuwa kama ufagio juu ya saruji. Kidole kilielekea kwenye gramafoni.

“Springi yake imechoka,” Bashir akamwambia. “Ukiijaza sana inakwama. Nakuambia mapema.”

“Inatoa sauti ya mtu asiyekuwepo?”

“Ndiyo kazi yake.”

“Na mwenye sauti... anabaki na nini?”

“Anabaki na pesa zake, mama! Unanunua au unapiga soga?”

Alitaja bei. Mwanamke hakubishana. Bashir alipaswa kushtuka hapo, maana Nakuru nzima hakuna asiyebishana bei. Akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa noti moja, ya shilingi mia, akamnyooshea.

Hata gizani Bashir aliijua. Ilikuwa laini kama jani la mgomba. Akaikung'uta, ikanyamaza. Akawasha taa ya kandili, akaiinua mbele yake. Kifaru hayumo. Mfalme mwenyewe alikuwa na sikio moja juu na jingine chini, kama aliyechorwa na mtu aliyesimuliwa tu kuhusu masikio.

“Hii ni bandia.”

“Una hakika?”

“Hata mbuzi wangu angejua!”

“Watu husema kidole chako hakidanganywi,” mwanamke akanong'ona. “Hujakitumia. Hakikisha.”

Bashir akalamba kidole gumba, akasugua. Wino ukatoka papo hapo, ukamwachia ngozi ya buluu. “Umeona?”

“Sikuona vizuri. Tena.”

Hapo damu ilimpanda. Kuletewa karatasi ya ovyo namna ile, yeye, Bashir! Na kuambiwa arudie kama mtoto wa madrasa! Akavuta mate kutoka kooni, yote aliyokuwa nayo, akaitemea ile noti katikati ya uso wa mfalme.

“Sasa umeona?”

Mwanamke akaitazama noti. Akaitazama kwa muda mrefu. Halafu akafungua kiganja.

“Nirudishie. Ni yangu.”

“Usimpe!” Mugure aliweka gunia chini. “Ichane, Baba Khadijo. Ichome. Usimpe.”

“Sili cha mtu mimi,” Bashir akasema. “Mali ya mtu ni mali ya mtu, hata kama ni takataka. Shika! Na nisikuone tena hapa.”

Akampa.

Mwanamke aliipokea kwa mikono miwili, kwa adabu, kama anayepokea mtoto mchanga. Hakuitazama tena gramafoni. Aligeuka akaenda zake, na alipofika kwenye kona ya ukuta wa soko akasimama kidogo. Bashir alimwona akiinua ile noti, mbichi kwa mate...

Akaiweka juu ya ulimi wake.

Akafumba mdomo.

Kisha wakasikia kikohozi kutoka kwenye ile kona. Kikohozi cha mwanamume.

Mugure aliokota gunia lake akakimbia.

*

Bashir alifika nyumbani Bondeni kiza kikiwa kimeshaingia, kafyu imeshaanza. Njia nzima alikuwa akimeza mate na hayapo. Ulimi ulikuwa umelala mdomoni kama kipande cha gome. Alijisemea ni vumbi. Ni magadi. Akibisha mlango, Khadijo atamfungulia, atampa maji, yataisha.

Khadijo alikuwa binti yake wa pekee. Mama yake alifariki akiwa mdogo, na tangu hapo walikuwa wawili tu, katika chumba kimoja chenye pazia katikati. Bashir alimlea kwa kumfokea. Chai ikichelewa alifoka, ikiwahi alifoka kwamba imewahi. Usiku alipokuwa amelala alimfunika blanketi, lakini hilo Khadijo hakuliona, na mchana hakuwahi kusikia kwake neno la upole.

“Umechelewa, Baba,” Khadijo akasema akifungua. “Nilikuwa na wasiwasi.”

Bashir akafungua kinywa ajibu.

Hakuna kitu.

Si kwamba sauti ilikuwa imekwama. Haikuwepo. Alipotafuta mahali inapokaa, palikuwa patupu. Akanywa maji, kikombe kizima, yakapita kooni bila kulowesha chochote. Akanywa tena.

“Umekasirika,” Khadijo akasema, akiinamisha kichwa. “Ni kwa sababu ya chai?”

Akatikisa kichwa. Akajionyesha mdomo. Khadijo hakuelewa. Aliweka komeo la mlango, akaketi karibu na jiko, akaanza kupakua ugali kimya kimya, kama alivyozoea baba akiwa na hasira zake.

Nje mtaa ulikuwa umenyamaza. Wakati wa kafyu hata mbwa wa Bondeni walijifunza kukaa kimya. Lori la polisi lilisikika mbali, upande wa stesheni, kisha nalo likaisha.

Halafu harufu ikaingia chini ya mlango.

Jivu lililomwagiwa maji.

“Khadijo...”

Mwiko ukasimama mkononi mwake.

“Khadijo, mwanangu. Nifungulie.”

Ilikuwa sauti ya Bashir. Si kama yake. Yake. Na mkwaruzo wake wa kooni, na namna alivyoburuta mwisho wa jina la binti yake. Ilitoka nje, nyuma ya mbao za mlango.

Khadijo alimtazama baba yake aliyeketi mbele yake, mdomo umefumbwa.

“Baba?” akanong'ona.

“Huyo uliye naye humo si mimi,” sauti ikasema. Taratibu. Kwa huruma. “Usiogope, kipenzi. Usimguse. Mwambie tu akutajie jina la mama yako. Kama ni baba yako, atalisema.”

Khadijo akameza mate. “Sema, Baba.”

Bashir alifungua kinywa. Mishipa ya shingo ilimtoka, macho yakamjaa machozi. Jina alikuwa nalo. Alilisema kila alfajiri baada ya sala. Midomo ilicheza, ikacheza...

Hewa tupu.

Khadijo alisimama. Akarudi nyuma hatua moja. Nyingine. Mgongo wake ukaelekea mlangoni.

“Umeona?” sauti ikasema. “Njoo, mboni ya jicho langu. Nimetembea sana, baridi imeniuma. Toa komeo tu.”

Bashir akanyanyuka amzuie, na Khadijo akapiga ukelele mdogo, akarukia mlango. Basi Bashir akasimama pale pale. Alielewa kwamba akimshika sasa, amempoteza. Akashusha mikono. Akakaa chini sakafuni, kama mtuhumiwa, akamtazama.

Mkono wa Khadijo ulikuwa juu ya komeo.

Lakini alikuwa binti wa muuza vitu vikuukuu. Alichukua kandili kwa mkono wa pili, akasogea, akamulika uso wa yule mzee sakafuni. Akamtazama alama ya ndui kwenye paji. Akaushika mkono wake, akapapasa ngozi iliyokauka, akapinda vidole vyake kimoja kimoja. Kidole gumba kilikuwa na doa la wino wa buluu. Alimkagua kama noti.

“Baba,” akanong'ona, si kwa mlango, kwa yule wa sakafuni. “Wewe mwenyewe huniambia noti ya kuogopa ni ile nzuri mno. Kwamba ya kweli huwa imechoka, imekunjwa, ina jasho la watu.”

Bashir akatikisa kichwa kukubali, machozi yakidondoka.

“Huyo wa nje hana kunyanzi hata moja. Baba yangu akifungiwa nje kwenye baridi, angekuwa ameshanitukana mpaka majirani wakasikia.”

Kisha kucha zikapita juu ya mbao, polepole, kutoka juu hadi chini.

“Usiitike,” Khadijo alijiambia. “Mama alisema ukiitwa gizani usiitike.”

“Basi usifungue,” sauti ikasema, na bado ilikuwa tamu. “Ni haki yako kuogopa. Pokea tu zawadi ya baba, nami nitakwenda. Ununue kitambaa chekundu kile ulichokitamani.”

Kitu kikaanza kupenya chini ya mlango.

Noti. Imelowa. Wino ulikuwa umekwisha wote isipokuwa uso wa mfalme, na uso huo sasa ulikuwa na alama ya ndui kwenye paji.

Khadijo hakuinama. Bashir ndiye aliyejitupa. Alitambaa kwa tumbo, akaishika ncha iliyoingia ndani, na papo hapo akahisi kwamba ncha ya nje imeshikwa. Ikavutwa. Haikuvutwa kwa mikono. Ilivutwa jinsi ndama anavyovuta chuchu: kwa joto, kwa unyevu, kwa njaa.

Akavuta. Ikavutwa.

Akaweka mguu kwenye fremu ya mlango akavuta kwa nguvu zote za miaka yake, na noti ikachanika, na ilipochanika ilitoa sauti ya ngozi.

“KHADIJO!” Mbingu zilifunguka kooni mwake. “Leta hilo jiko hapa! Umesimama nini kama mlingoti, mtoto asiye na akili! Leta jiko!”

Khadijo akaangua kilio, akaangua na kicheko humo humo, akalileta jiko. Hakuwahi kufurahia tusi kama lile.

Nusu ya noti waliitupa kwenye makaa. Haikuwaka kama karatasi. Ilitoa povu kwanza.

*

Mugure alisikiliza habari yote asubuhi, akiwa amekaa juu ya gunia la makaa, bila kumkatiza.

“Na nusu nyingine?” akauliza.

“Anayo yeye.”

Mugure akajikung'uta vumbi la makaa mikononi. “Kwetu mzee akikubariki anakutemea mate kifuani. Na nyinyi Wasomali pia, si mnasomea maji, kisha mnamtemea mgonjwa? Mate ni neno jema ambalo bado halijasemwa. Yule hakuja kununua kitu, Baba Khadijo. Noti mbaya vile haikuletwa kulipia. Ililetwa utemee.”

“Upuuzi! Angetaka maneno mema angekwenda kwa watu wapole.”

“Wapole wameshayatumia yao,” Mugure akasema. “Wewe ulikuwa nayo yote. Hujawahi kuyagusa.”

Bashir alimfukuza kwa matusi. Lakini aliuliza, mjini na mashambani. Mchinjaji mmoja alisema mwanamke wa koti la mvua aliwahi kuonekana njia ya Menengai. Mwingine akasema huyo alikuwa yaya kwenye shamba fulani upande wa Subukia, alibembeleza watoto wa watu mpaka maneno ya kubembeleza yakamwishia, na kwamba shamba hilo lilifungwa baada ya mtoto kutoka nje jioni akiitwa na mama yake, na mama alikuwa amelala ndani. Nani ajue? Watu husema mengi.

Lililo kweli ni hili. Sauti ya Bashir ilirudi, ya kufoka. Alipotaka kusema jambo jingine, ulimi uligeuka gome. Jioni ile ile alijaribu, akasimama nyuma ya pazia ambako binti yake alikuwa akisuka nywele. “Khadijo,” alianza, na lililotakiwa kufuata likamkauka kinywani. Akabaki amesimama. Khadijo aligeuka, akaona mdomo wazi usiotoa kitu, na rangi ikamtoka usoni.

“Nitukane, Baba,” akamwomba. “Tafadhali. Nitukane nijue ni wewe.”

Akamtukana.

Wakaishi hivyo. Jioni nyingine, upepo ukitoka ziwani, sauti iliyoibwa ilisikika nje ya uzio ikimwita Khadijo kwa majina matamu, na Bashir akawa anapiga kelele ndani kuifunika, akigombana na sufuria, na kuta, na Mungu amsamehe. Khadijo hakuitika hata siku moja. Ila Bashir alimwona. Ile sauti ikianza, binti yake aliacha kazi aliyokuwa akifanya, akainamisha kichwa upande, jinsi mtu anavyosikiliza wimbo anaoupenda.

Kafyu ikaisha. Khadijo akaposwa na kijana mwema mwenye duka Naivasha. Harusi ikafanyika, na siku ya pili maharusi wakapanda treni ya jioni stesheni ya Nakuru.

Bashir alisimama chini ya dirisha la behewa. Kila mzazi pale alikuwa akimnong'oneza mwanawe. Yeye alikuwa na maneno, Mungu ndiye shahidi, alikuwa ameyabeba tangu siku mtoto alipozaliwa. Akafungua kinywa. Gome. Akajaribu tena, machozi yakimtiririka hadharani.

Khadijo alimtazama kutoka juu, akingoja. Kwa mara ya kwanza alionekana akingoja jambo jingine, si tusi.

“Funga hilo dirisha!” Bashir akafoka. “Vumbi litakuua, mjinga wewe!”

Tabasamu likayumba kidogo. Akatikisa kichwa kukubali, akafunga kioo.

Treni ikapiga honi. Ikajivuta. Na kwenye upepo ule Bashir akanusa jivu lililomwagiwa maji.

Kupitia kioo alimwona binti yake akishtuka, akigeuza uso. Hakugeukia upande wa baba yake. Aligeukia upande wa pili, kwenye reli zenye giza, mahali pasipo na jukwaa. Maneno Bashir hakuyasikia. Uso aliuona. Ulifunguka kama wa mtoto aliyeambiwa alichosubiri maisha yake yote, na midomo ikacheza, na Bashir aliyekuwa akisoma vitu kwenye mwanga tangu ujana wake aliisoma.

Naam, Baba.

Akakimbia. Alikimbia kandokando ya behewa akipiga ubao kwa ngumi, akimtukana binti yake kwa kila tusi alilolijua, kwa Kisomali na kwa Kiswahili, kwa sauti ya kupasua koo, watu wakisogea pembeni na kuulizana ni mzee gani huyu anayemlaani bibi harusi.

Lakini magurudumu yalikuwa yameshashika kasi, na Khadijo alikuwa ameshafungua dirisha la upande wa pili.